Chikankari, kantha, kasuti, zardozi au gara: darizi ipi kwa sari yako?

Muuzaji akishakunjua sari ya nne juu ya meza, macho huwa yamechoka na kila darizi inaonekana nzuri kuliko iliyotangulia. Hapo ndipo watu hununua kwa rangi, wakafika nyumbani na sari isiyoweza kufuliwa, au isiyokunjika marinda, au inayovuta bega mpaka linauma. Darizi hizi tano za India hazikubuniwa kwa kazi moja. Nyingine ni za joto na mchana, nyingine ni za taa na sherehe, na kila moja ina mahali pake pa kuchanikia. Ulinganisho huu unazipima kwa vigezo vilevile, ili uchague kwa namna utakavyoivaa na kuitunza, kabla hujashikwa na ua lililo mbele ya macho.

Vya kupima kabla ya kuuliza bei

Anza na kitambaa na mahali darizi ilipo. Sari ya kawaida ina urefu wa mita 5.5 hivi, na mara nyingi huongezwa kipande cha sentimita 80 cha blauzi. Mita moja ya mwanzo huzungushwa kiunoni ikafunikwa yote. Sehemu ya katikati hukunjwa marinda sita au saba. Ya mwisho, kama mita moja, ndiyo pallu, ile ncha inayopita begani na kuonekana na kila mtu. Kwa hiyo sari iliyodariziwa kote ina kazi nyingi ambayo hutaionyesha kamwe, na kama kazi hiyo ni nene, marinda huvimba mbele ya tumbo. Wengi hutosheka na pallu iliyojaa, pindo la chini, na maua madogo yaliyotawanywa mwilini, yale Wahindi wanayoyaita buti.

Kigezo cha pili ni mgongo wa kazi, yaani upande wa ndani. Huu ndio mtihani ambao wauzaji wachache hupenda uufanye. Mashine ya darizi hutumia nyuzi mbili: wa juu kutoka sindanoni, wa chini kutoka kwenye bobini. Ule wa chini mara nyingi ni mweupe au mweusi, mwembamba, na haubadiliki hata kama maua ya mbele yana rangi saba. Mkono hutumia uzi mmoja unaopita pande zote mbili, hivyo rangi ya nyuma huwa ileile ya mbele. Geuza sari, na utajua kwa sekunde tano unazungumza na muuzaji wa namna gani.

Kisha tazama inapoharibika, inavyofuliwa na kuhifadhiwa, na inamfaa nani. Suala la hifadhi ni zito zaidi kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, kwa sababu unyevu na hewa ya chumvi ni adui wa uzi wa madini.

Bei hazimo hapa kwa makusudi. Sari mbili zenye jina moja la darizi huweza kupishana mno kwa bei, na kinachozitenganisha ni wingi wa mishono, udogo wake na kitambaa cha chini. Uliza hayo matatu, bei itajieleza.

Chikankari ya Lucknow

*Kazi yenyewe.* Ruwaza hupigwa kwanza kwa chapa za mbao zilizochovywa rangi ya buluu isiyodumu. Wadarizi, wengi wao wanawake wa Lucknow na vijiji vya jirani katika Uttar Pradesh, hushona juu ya alama hizo, na mwisho kitambaa hufuliwa ili buluu iondoke. Kwa jadi hutajwa mishono 32, lakini mnunuzi akijua sita anatosha. Tepchi ni mshono wa bandi (sindano ikizama na kuibuka kwa mstari), wa haraka na wa bei nafuu. Bakhiya hushonwa ili nyuzi zipishane mgongoni, na mbele ya kitambaa chepesi uone kivuli cha rangi ndani ya jani au ua. Phanda ni kifundo kidogo cha mviringo. Murri ni kifundo kirefu, saizi ya punje ya mchele. Hool ni kitobo kilichozungushiwa uzi, kazi ambayo jicho lililozoea kofia za mkono za Unguja litaitambua mara moja. Jaali ni wavu: mdarizi hutenganisha nyuzi za kitambaa kwa sindano na kuzikaza zikae wazi, bila kukata hata uzi mmoja.

Bei hupanda kwa phanda, murri na jaali. Sari iliyojaa bakhiya peke yake inaweza kupendeza sana, ila isiuzwe kwa bei ya murri. Jina la chikankari ya Lucknow linalindwa nchini India kama kiashiria cha kijiografia, yaani jina la kazi ya eneo hilo tu, tangu 2008, jambo ambalo halijawazuia wenye mashine.

*Mwilini.* Asili yake ni nyeupe juu ya nyeupe, kwenye melimeli. Siku hizi utaiona zaidi juu ya jojeti, shifoni na pamba nyepesi. Sari ya pamba ya aina hii huwa na uzito wa nusu kilo hivi, na joto la mchana halikushindi. Jojeti ya viscose (uzi unaotengenezwa kwa rojo la mbao) mara nyingi hudariziwa ikiwa nyeupe kisha hutiwa rangi nzima, kwa kuwa viscose na uzi wa pamba hunywa rangi kwa namna moja. Gagulo lichaguliwe kwa uangalifu, maana kitambaa kinaonyesha ndani: chini ya sari nyeupe, gagulo la rangi ya ngozi halionekani kama lile jeupe. Na ukionyeshwa bakhiya juu ya hariri nzito, iache. Kivuli kinahitaji kitambaa kinachopitisha mwanga. Hapo kazi ya mtu imezikwa.

*Mgongoni.* Penye bakhiya utaona nyuzi zikipishana kwa msalaba, zenye tofauti ndogondogo za urefu. Mashine hutoa mgongo wenye uzi wa bobini, na jaali yake ni matundu yaliyotobolewa, wala si nyuzi zilizosogezwa.

*Inapoharibika na kuitunza.* Jaali ndiyo dhaifu kuliko zote. Bangili yenye ncha au pete ya jiwe huivuta ikapasuka. Murri nazo hukwama na kuchomoka. Buluu ikibaki, loweka katika maji baridi yenye sabuni laini, suuza, rudia. Usipige pasi wala kuianika juani kabla haijatoka. Usiikamue kwa kuizungusha. Pasi ipite upande wa nyuma, sari ikiwa imelala juu ya taulo nene, la sivyo vifundo vitalala na kazi itaonekana kama imechapwa.

*Inamfaa nani.* Anayevaa sari mchana, kazini, safarini, au penye joto kali. Haimfai anayetaka kuonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Kantha ya Bengal

*Kazi yenyewe.* Hapa mshono mkuu ni mmoja: bandi. Bengal ya Magharibi na Bangladesh wanawake waliutumia kushikiza tabaka za sari na dhoti kuukuu (nguo za kiunoni za wanaume) ziwe matandiko, na nyuzi za rangi walizichomoa kwenye mapindo ya sari hizohizo. Sari ya kantha ya leo ni tabaka moja la kitambaa, na ustadi umehamia kwenye kujaza: samaki, yungiyungi, tausi, watu wa kijijini, na kalka, lile umbo ambalo kwenye kanga tunaliita korosho. Wilaya ya Birbhum, hasa Bolpur, Santiniketan na Nanoor, ndiyo yenye wadarizi wengi wa sari hizi.

Kwa kuwa mshono ni wa kila mtu, ubora wote uko kwenye udogo na msimamo wake. Weka rula. Kazi safi huonyesha mishono mitano au sita ndani ya sentimita 2. Ukihesabu miwili au mitatu, hiyo ni kazi ya haraka na bei yake iwe ya haraka. Sari iliyojazwa kote huchukua miezi, na mara nyingi hushonwa na zaidi ya mikono miwili. Tazama kama upande mmoja wa pallu una mishono mikubwa kuliko wa pili.

*Mwilini.* Kitambaa kinachoipendeza zaidi ni tussar, hariri ya mwitu yenye rangi ya asali na mguso wa ukavu kidogo. Marinda yake hushika na hayatelezi, neema kwa asiyezoea kuvaa sari. Ipo pia juu ya pamba na juu ya hariri laini ya Bangalore. Mishono ikiwa mingi kitambaa hupata mawimbi madogo na kuwa kizito kidogo. Hayo ndiyo maumbile yake. Kasoro ni pale uzi ulipokazwa kupita kiasi, ua likasinyaa kama limeungua, na pasi isilinyooshe.

*Mgongoni.* Penye mshono mbele pana pengo nyuma, na penye pengo mbele pana mshono nyuma, kwa rangi ileile. Vifundo vichache vya kumalizia uzi ni vya kawaida. Jihadhari na kantha ya chapa, ambayo mishono yake imechorwa kwa rangi: pitisha ukucha, hautakwama popote. Kuhusu tussar yenyewe, chomoa uzi mmoja kwenye shada la mwisho na uuchome. Hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Poliesta huyeyuka na kuacha kipunje kigumu.

*Inapoharibika na kuitunza.* Tatizo kubwa ni rangi kuchuja. Uzi mwekundu au mweusi juu ya tussar ya rangi hafifu unaweza kuacha doa la kudumu siku ya kwanza ya maji. Kabla ya kulipa, bana pamba nyeupe yenye unyevu kwenye mgongo wa ua lenye rangi kali kwa dakika moja. Pamba ikipata rangi, sari hiyo ni ya drai klini maisha yake yote. Ya pamba isiyochuja hufuliwa kwa mkono katika maji baridi. Tussar ikunjuliwe na kukunjwa upya kwa mistari mingine kila baada ya miezi michache, maana hariri hukatika penye mkunjo wa siku nyingi.

*Inamfaa nani.* Mtu wa ofisi, mikutano, hafla za mchana, na yeyote anayependa nguo yenye picha ya kusoma. Kwa usiku wa kung'aa haina la kusema.

Kasuti ya Dharwad

*Kazi yenyewe.* Kasuti ni ya Karnataka, jimbo la kusini mwa India, na Dharwad ndiyo ngome yake. Haichorwi kwenye kitambaa. Mdarizi huhesabu nyuzi za kitambaa, akipima kila hatua ya sindano kwa hesabu hiyo, na akikosea uzi mmoja mwanzoni, umbo halitafunga atakaporudi. Mishono yake ni minne. Gavanti ni bandi ya kwenda na kurudi: sindano huenda ikiacha mapengo, kisha hurudi ikiyajaza, hivyo mstari huwa mmoja pande zote mbili. Murgi ni ileile kwa ngazi. Negi huonekana kama imefumwa pamoja na kitambaa. Menthi ni msalaba, mzito, unaokula uzi mwingi. Kwa hiyo ruwaza zake ni za pembe na mistari: minara ya hekalu, gari la sherehe za mungu, machela, tembo, taa, jukwaa la mmea wa tulasi, mrehani mtakatifu wa Wahindu.

*Mwilini.* Ndoa yake ya kale ni sari ya Ilkal, ya pamba au pamba na hariri, kutoka wilaya ya Bagalkot. Ilkal ina mwili uliofumwa peke yake na pallu yenye nyuzi zake, vikaunganishwa kitanzi kwa kitanzi kwenye kitanda cha mfumi. Ukitazama penye kiungo utaliona jambo hilo. Pallu nyekundu yenye mistari myeupe ndiyo alama yake, na sari nyeusi yenye kasuti ilithaminiwa sana kwa arusi. Kitambaa ni imara, marinda yanakaa, uzito ni wa wastani.

*Mgongoni.* Gavanti na murgi halisi hazina vifundo, na ungeweza kuvaa sari ndani nje bila mtu kugundua. Hakuna darizi nyingine katika tano hizi inayojitetea hivyo. Negi na menthi hazifanani pande zote, usimshutumu muuzaji kwa hilo. Ukiona nyuzi ndefu zikiruka kutoka ua hadi ua mgongoni, fundi alikuwa na haraka, na nyuzi hizo zitanaswa na kidole cha mguu.

*Inapoharibika na kuitunza.* Huharibika kidogo kuliko nyingine kwa sababu mishono ni mifupi. Wasiwasi ni wekundu wa pallu kuchuja, na kwa hilo fanya mtihani wa pamba yenye unyevu. Kasuti juu ya jojeti au krepu ipo, ila vitambaa hivyo havihesabiki kwa jicho, hivyo wadarizi hutandika wavu au kuchora kwanza. Kazi hiyo huwa na pembe zisizolingana. Ipime kwa kukunja ua katikati.

*Inamfaa nani.* Mpenzi wa kazi safi isiyopiga kelele, mwenye kutaka sari ya kuvaa mara nyingi kwa miaka mingi. Ugumu wake ni upatikanaji: nje ya Karnataka nyingi zinazoitwa kasuti ni za kompyuta.

Zardozi

*Kazi yenyewe.* Hii ni darizi ya madini. Kitambaa huwambwa kwenye kiunzi cha mbao, mafundi wakakizunguka wakiwa wamekaa chini, na kila mmoja akishughulika na kipande chake. Lucknow, Bareilly, Agra na Bhopal zina karakana zake. Ilistawi katika makasri ya Wamughal, watawala wa zamani wa India, juu ya mahameli na hariri, na zamani waya ulikuwa wa fedha uliopakwa dhahabu. Leo mwingi ni wa shaba iliyopakwa, au uzi wa plastiki wenye rangi ya dhahabu.

Vifaa vyake vina majina ambayo fundi atayatumia kukadiria bei. Salma na dabka ni waya uliosokotwa kama springi; hukatwa vipande vya milimita chache, sindano ikavipitia kimoja kimoja. Nakshi ni springi yenye pembe, inayometa kwa vituo. Badla ni waya bapa. Sitara ni puluki. Hapo huongezwa lulu, shanga na mawe. Karibu nayo kuna kazi ya aari, inayofanywa kwa ndoano na kutoa mnyororo. Ni ya haraka zaidi na si mbaya, ila wauzaji huiita zardozi na kuitoza hivyo. Tofauti utaiona kwa kidole: zardozi ina vipande vya springi vilivyoinuka, aari ni mstari wa mnyororo uliolala.

*Mwilini.* Nzito. Sari iliyojaa inaweza kupita kilo 3, na saa nne za sherehe ni ndefu ukiwa umeibeba begani. Mzigo wote hutua mahali pawili: penye pini ya bega na penye marinda. Pindo pana la zardozi juu ya shifoni ni kosa la kawaida la dukani; kitambaa hakina nguvu ya kulibeba, huning'inia, kisha hupasuka juu kidogo ya pindo. Kitafute kitambaa chenye mwili, kama hariri nzito, krepu nene au jojeti iliyotiwa bitana penye kazi.

*Mgongoni.* Sari nzuri ina bitana nyembamba nyuma ya darizi, ili waya usikwaruze ngozi na usikwame kwenye gagulo. Inua bitana kidogo kama mshono unaruhusu. Gundi nyingi nyeupe mgongoni ina maana mawe yamebandikwa, na gundi huachia kwa unyevu wa pwani au kwa kemikali za drai klini. Kaza jiwe moja kwa kucha: lililoshonwa halitikisiki.

*Inapoharibika na kuitunza.* Waya hufubaa. Marashi, jasho, mikono yenye mafuta na hewa ya chumvi huharakisha. Usiifukize udi moja kwa moja juu ya chetezo. Fukiza gagulo na khanga utakayoifungia, harufu itahamia bila moshi kuacha utandu kwenye zari. Naftalini isiguse waya. Isitundikwe kwenye henga, uzito wake utairefusha na kuipasua. Ilale, kazi ikitazama ndani, karatasi laini nyeupe kati ya mikunjo, kisha ifungwe kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani. Haifuliwi kwa maji. Mwambie wa drai klini ni waya gani na mawe ni ya kushona au ya gundi, kabla hajaiingiza. Kwenye bega, shonea kipande cha kitambaa kwa ndani, na pini ipite humo pamoja na sari. Bila hivyo tundu la pini litageuka mpasuko.

*Inamfaa nani.* Bibi harusi, na mtu anayesimama mbele ya taa na kamera. Anayekaa kula, kucheza na kubeba mtoto atafurahia zaidi zardozi ya pallu na pindo jembamba.

Gara ya Waparsi

*Kazi yenyewe.* Waparsi ni Wazoroasta wa India wenye asili ya Uajemi. Karne ya 19 wafanyabiashara wao walikuwa wakienda China, hasa Canton (Guangzhou ya leo), na kurudi na hariri zilizodariziwa na Wachina. Kutoka humo ikatokea sari ya gara: hariri yenye rangi nzito (zambarau, nyekundu iliyokolea, nyeusi) na darizi ya hariri nyeupe au ya rangi za maua. Kuna korongo, mipeoni, vibanda vya Kichina na watu wake, na kuna ruwaza ya madoa makubwa na madogo ambayo Waparsi wenyewe wameiita vitunguu na viazi. Mshono mkuu ni wa kujaza ua kwa nyuzi zilizolala sambamba, zikang'aa kama atlasi. Wa pili ni khakha, vifundo vidogo mno vilivyobanana, vinavyochosha macho ya fundi na kupandisha bei. Waparsi waliokuja Zanzibar na Mombasa ni wa jamii hiyohiyo. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Mji Mkongwe 1946, alitoka katika familia ya Kiparsi.

*Mwilini.* Hariri juu ya hariri: huporomoka vizuri, ina uzito wa kati, na hung'aa bila madini. Waparsi huivaa pallu ikitoka nyuma, ikapita bega la kulia na kutandazwa mbele, kwa hiyo gara nyingi zimepangwa zitazamwe hivyo. Ukiivaa pallu ikianguka mgongoni, hakikisha ndege hawatakuwa kichwa chini.

*Mgongoni.* Kazi ya mkono hujaa uzi wa hariri nyuma karibu sawa na mbele, kwa kuwa kila mshono huzunguka pande zote. Ya mashine ni nyingi sana sokoni. Huwa na bobini mgongoni, na mng'ao wake ni mmoja kutoka kila upande, ilhali hariri hubadilika ukiielekeza kwenye dirisha.

*Inapoharibika na kuitunza.* Mshono mrefu kupita milimita 6 au 7 utanaswa. Rangi nzito ikichuja, korongo weupe watageuka wa waridi, kwa hiyo drai klini tu. Gara ya kale hupasuka penye mikunjo. Ihifadhiwe kwa kuviringishwa kwenye bomba lililofunikwa kitambaa cha pamba. Darizi ikiwa bado nzima, fundi anaweza kuikata na kuihamishia kwenye hariri mpya.

*Inamfaa nani.* Anayetaka heshima ya jioni bila dhahabu: mama wa bibi harusi, shangazi, mgeni rasmi.

Phulkari ya Punjab na kazi ya vioo ya Kutch hazikuingia hapa kwa sababu asili yake haikuwa sari. Phulkari ilikuwa shela nene ya pamba, iliyoshonwa kutoka upande wa nyuma kwa hariri isiyosokotwa. Ikihamishiwa kwenye jojeti, nyuzi zake ndefu hunaswa haraka. Ukiipenda, ichukue kama mtandio.

Ukikwama kati ya mbili

Kama ni sari yako ya kwanza na hujui kuikunja, chagua kwa kitambaa: tussar ya kantha au Ilkal ya kasuti zitakutii, jojeti ya chikankari itateleza mpaka uizoee.

Kati ya zardozi na gara kwa harusi, uliza saa na mwanga. Ukumbi wa usiku wenye taa kali huipenda zardozi. Hafla ya alasiri, bustanini, huipa gara nafasi ambayo zardozi huipoteza kwa kumeta kupita kiasi.

Kati ya chikankari na kantha kwa kazi, tazama hali ya hewa yako. Dar es Salaam mwezi Februari ni chikankari ya pamba. Nairobi mwezi Julai, au Arusha asubuhi, tussar ya kantha inakupa joto kidogo unalolihitaji.

Ukitaka kuituma kama zawadi kwa mtu usiyejua anavyotunza nguo, mpe kinachovumilia maji: chikankari au kasuti ya pamba, isiyochuja.

Fedha zikiwa chache, nunua kazi ya mkono iliyo kwenye pallu tu. Na ya mashine si dhambi, mradi iuzwe kwa jina lake na bei yake. Kwa sari itakayovaliwa mara moja na kumwagiwa biriani, huenda ndiyo busara.

Kama unakusudia kuikata baadaye iwe gauni au koti, epuka zardozi, maana uzi mmoja ukikatwa vipande vya springi humwagika mstari mzima. Kasuti nayo, kwa kukosa vifundo, hufumuka penye mkato. Kantha ndiyo inayokatika kwa amani, ukipiga mashine mistari miwili pembeni mwa mkato kabla ya kuingiza mkasi.

Yoyote utakayochukua, kabla ya kuivaa mpe fundi ashonee utepe wa pamba wa sentimita 7 au 8 kwa ndani ya pindo la chini, ukianzia penye marinda, urefu wa mita 2.5 hadi 3. Utepe huo ufuliwe kwanza ili usisinyae na kuvuta pindo, na ushonwe kwa mkono kwa uzi wa rangi ya sari. Kwenye gara na zardozi mwambie apitishe sindano kati ya mishono ya darizi, asiitoboe.